Kwenye Gati la Hulsey

Netta Bend, Alabama
3 Mei 1987

Shemeji Verlon,

Naomba barua hii ikukute mzima, na mbu wa huko Luiziana wawe wamekubakizia damu kidogo. Sisi hatujambo. Mama yako nyonga bado inamsumbua, lakini leo kaenda kanisani kwa miguu yake mwenyewe na kurudi akimsengenya mhubiri njia nzima, kwa hiyo jua kwamba ni mzima. Binti yetu Carlene ana mimba. Mumewe anatembea mjini kifua mbele utadhani yeye ndiye atakayejifungua. Nyanya nimepanda, na mbwa wa Hoyt bado analala chini ya boti.

Ndiyo, boti. Nimeifunua. Tangu Oktoba ilikuwa chini ya turubai pale bandani, na kila nilipokwenda kuanika nguo niliiona. Wiki iliyopita nikasema basi, imetosha. Nimeiosha, nimetoa viota vya panya kwenye tangi la samaki, nimebadilisha betri. Kila kitu kipo ila kamba ya mbele, imebaki kipande kifupi hakifai hata kumfungia mbuzi. Nimenunua nyingine.

Na nimejiunga na klabu ya uvuvi. Cheka ukimaliza kusoma. Nimemwendea Bwana Teague, mwenyekiti, nikamwambia nataka kushindana msimu huu kwa boti ya mume wangu, peke yangu. Aliangalia kofia yake. Kisha akasema hakuna kanuni inayonikataza. Nadhani hakuwa na moyo wa kumkatalia mjane wa Hoyt Stroud.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana simu zangu hupokei. Verlon, nilikuambia neno baya makaburini. Nilikuambia umemuua ndugu yako kwa ajili ya samaki watano, na nilisema mbele ya watu. Sitalirudisha wala sitalirudia mpaka nijue. Hoyt alishikwa na kifua mkiwa kule upande wa juu wa ziwa. Daktari alisema ilimchukua muda kufa. Mlipita gati la Hulsey, ambako duka limefungwa lakini simu ya ukutani inafanya kazi na barabara ya hospitali iko pale pale. Mkapita, mkavuka ziwa zima mpaka kwenye mizani. Teague akatoa samaki tangini akawapima, watu wakapiga makofi, yeye akaita, "Hoyt, simama uone samaki wako!" Na Hoyt amekaa kiti cha nyuma na kofia yake, hasimami.

Na wewe ulikuwa umelowa mpaka kifuani, siku isiyo na mvua. Hakuna aliyekuuliza. Mimi nakuuliza. Nataka kujua jambo moja tu: nani alisema mpite?

Wako,
Nelda


Morgan City, Luiziana
30 Mei 1987

Kwako shemeji Nelda,

Nimepata barua yako niliposhuka kutoka kwenye mtambo wa mafuta baharini. Niko salama. Kazi ni ile ile, chuma na mafuta na kelele, na mpishi wetu anajua chakula kimoja tu, wali na maharage mekundu. Mwambie Mama namsalimu, hata kama atajifanya hakusikia. Carlene mwambie asinywe kahawa nyingi.

Wewe kwenye mashindano! Maskini samaki. Hao wazee wa klabu watakuita majina yote, usiwajibu, wewe waoneshe mizani. Nakupa machache. Kabla hujashusha boti kaza kizibo cha nyuma, Hoyt alisahau mara mbili na mara zote mbili tulirudi tunachota maji kwa kofia. Ukishika usukani, ule mkanda mwekundu wa kuzima injini ufunge kwenye nguo yako, ukianguka majini boti isikuache. Pampu ya tangi iwake muda wote. Samaki akifa wanakukata uzito. Na mwezi wa sita besi wakubwa, hao samaki mnaowashindania, hawako ufukweni, wanakaa kwenye visiki vya msitu wa zamani uliofunikwa na maji. Tumia chambo cha mnyoo wa plastiki wa zambarau, uburute polepole. Upole huo sijui utautoa wapi wewe.

Lakini ukitaka ushauri wangu wa kweli, uza boti.

Hayo mengine tuyaache. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani tulipofika, kila mtu aliniona. Watu wamekwisha kusema, waache waseme.

Shemeji yako,
Verlon


Netta Bend
21 Juni 1987

Shemeji,

Hapa joto limeanza, na Mama yako ameanza ugomvi wake na majirani juu ya mbwa wao. Salamu zako nilimfikishia akaniuliza, "Za nani?" halafu akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu akikata bamia ambazo hakuna aliyetaka kula. Mimi sisemi kitu.

Jana yalikuwa mashindano yangu ya kwanza. Alfajiri boti zote zimejipanga gatini, wanaume wamevimba kwa fulana za klabu, na mimi nimevaa ya Hoyt. Dub Crocker akaniita, "Nelda, mama, keki zinauzwa upande wa pili!" Nikamwambia, "Nimeuza zote kwa mkeo, amesema wewe hujui kuleta kitu nyumbani." Wakacheka mpaka Teague akasahau kuita namba. Kabla hatujaondoka akasoma kanuni kama anavyosoma kila mwaka: samaki watano tu, wakiwa hai, na kuanzia hapo mpaka kwenye mizani mguu wa mtu usiguse nchi kavu. Atakayekanyaga popote, samaki wake hawahesabiwi. Alipofika hapo aliniangalia, kisha akaangalia karatasi.

Nilipata wawili, wadogo, lakini walikuwa hai. Dub alipata mmoja. Sisemi zaidi.

Sasa sikiliza, na usinicheke. Wakati wa kurudi, usawa wa gati la Hulsey, injini ilizima. Haikukohoa wala haikutoa moshi, ilizima tu kimya. Nilikaa pale nikielea, maji yametulia, mierebi imefunika gati lote na bango la zamani la Hulsey limeinama. Nikasikia harufu ya ile tumbaku yake ya mdomoni, ya mnanaa. Nimefua kila kitu cha boti ile kwa sabuni, Verlon. Kisha injini ikawaka yenyewe nilipogusa ufunguo.

Na jambo lingine. Boti inakaa chini upande wa nyuma. Nimetoa nanga ya akiba, nimetoa sanduku la zana, hakuna kitu kule nyuma ila kiti kitupu, na bado nyuma imezama namna ile ilivyokuwa ikizama Hoyt akikaa. Teague mwenyewe aliniuliza nimebeba nini.

Naogopa, lakini siwezi kuacha kwenda. Niambie.

Nelda


Morgan City
19 Julai 1987

Shemeji Nelda,

Samahani kwa kuchelewa, walituongezea zamu. Hongera kwa hao wawili. Huyo Dub mwambie nimesema kwamba mjusi anavua kuliko yeye.

Injini kuzima: kuna maji kwenye mafuta. Boti imelala msimu mzima wa baridi, tangi limetoa jasho ndani. Mwaga yote, weka mapya, badilisha chujio. Ukifika mahali ikazima, bonyeza ule mpira wa kwenye bomba la mafuta mpaka uwe mgumu, halafu washa. Nyuma kuzama: fungua kifuniko cha sakafu, lile boya la ndani likinyonya maji huwa zito kama jiwe. Harufu: fulana yake umevaa, ulitaka inuke nini?

Usipite karibu na Hulsey. Pita katikati ya ziwa, kina ni kizuri. Ukizimikiwa pale usijaribu kufunga boti, nguzo ya kushoto imeoza, ukiivuta itakuangukia. Wala usiende kuchunguza chunguza, mahali penyewe pana nyoka.

Nakutumia picha ya jua likitua mtamboni, mpe Mama. Usimwambie imetoka kwangu.

Verlon


Netta Bend
23 Agosti 1987

Verlon,

Carlene amejifungua salama, mtoto wa kike, mapafu ya kuimbia kwaya. Wamemwita Ozella kama Mama yako, na Mama yako amelia akasema jina hilo ni baya na hakuna anayelitaka, kisha amemshika mtoto hajamwachia mtu. Picha yako ameibandika juu ya jiko. Hakuuliza imetoka wapi.

Nimebadilisha mafuta. Nimebadilisha chujio. Fundi wa mjini amefungua sakafu, boya ni kavu. Mwezi uliopita injini ilizima pale pale. Jana imezima pale pale, na mimi nilikuwa katikati ya ziwa kama ulivyoniambia. Boti za wengine zinapita zinapunga mikono. Kiti cha nyuma kinalia ule mlio wake wa mtu anapogeuka kuangalia ufukweni.

Nimeelewa. Anataka kushuka. Alikuomba mshuke pale akampigie simu daktari, na ukapita kwa sababu mngekanyaga nchi kavu mkapoteza ushindi, na sasa kila akifika pale anaomba tena. Ndivyo ilivyokuwa? Maana niliuliza klabu nzima, hakuna aliyefunga boti kwa Hulsey tangu duka lifungwe. Wewe umejuaje nguzo ya kushoto imeoza?

Kila siku nasafisha lile bamba ukutani kwangu, "Stroud na Stroud, Washindi wa 1986," na kila siku nataka kulitupa ziwani. Mwanaume niliyeishi naye tangu nikiwa msichana alikufa akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, na mtu mmoja tu duniani anajua alisema nini. Mtu huyo ananiandikia habari za chujio.

Nelda


Netta Bend
20 Septemba 1987

Verlon,

Hujajibu. Mama yako anakusalimu. Umesoma vizuri: ametaja jina lako mwenyewe, mezani, akasema, "Mwambie Verlon mama yake anamsalimu."

Jana imezima tena.

Nelda


Morgan City
29 Septemba 1987

Nelda,

Nilipita. Alisema tusimame, nikasema tuna samaki wa kushinda, nikapita. Hilo ndilo ulilotaka, umelipata. Kulowa ni maji ya wimbi.

Sasa uza boti, na umbusu mtoto kwa niaba yangu.

Verlon


Netta Bend
18 Oktoba 1987

Verlon, ewe mwongo mkubwa,

Leo sina salamu. Wote wazima, nitakuambia mwishoni.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye sanduku la barua barabarani, nikakuchukia kwa raha. Mtu akikaa muda mrefu bila kujua, hata jibu baya ni chakula. Nililala vizuri siku hiyo. Lakini ukachanganya mambo mwenyewe: wimbi. Ziwa siku ile lilikuwa kioo, Verlon. Nilikuwa gatini kwenye mizani na wake wa wavuvi wengine, nilikunywa chai baridi na kulalamika hakuna hata upepo.

Jana yalikuwa mashindano ya mwisho ya msimu. Mwaka mzima tangu afe. Nilikwenda kule juu kwenye visiki, nikaburuta mnyoo wako wa zambarau polepole, ndiyo, upole nimeupata, na besi wakaja. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sijawahi kuona. Mmoja nilipomvuta alifungua mdomo ungeweza kuingiza kikombe. Mchana nilikuwa na watano, nikapata wa sita nikamrudisha majini mdogo kuliko wote, na huyo mdogo Dub angempiga picha. Ratili ishirini na zaidi, nimepima kwa mkono. Nilikuwa nimeshinda. Nilicheka peke yangu kwa sauti, na nakuambia ukweli, sikumkumbuka Hoyt hata kidogo. Nilikuwa nawaza sura ya Dub.

Usawa wa Hulsey injini ikazima. Safari hii palikuwa na upepo, ukanisukuma ufukweni, nikabonyeza mpira, nikageuza ufunguo, hola. Boti ikaingia chini ya mierebi ikagonga gati taratibu. Na kwenye nguzo ya kushoto, iliyooza, kuna kipande cha kamba. Buluu yenye uzi wa njano. Kimefungwa kwa lile fundo lako la kizembe la kuzungusha mara mbili, ambalo Hoyt alikutania nalo maisha yako yote. Kinaning'inia kinagusa maji, na mwisho wake umekatwa. Hakikukatika kwa kuvutwa. Ni kisu.

Kile kipande kifupi bado kimo kwenye pete ya boti, sikukitoa. Nikavishika viwili. Vikakutana.

Ulisimama, Verlon. Ulifunga boti ukashuka, ukakanyaga nchi kavu, ukaenda kwenye simu. Yeye akiwa ndani ya boti akachukua kisu cha samaki, akakata kamba. Hakuweza kuinama kuifungua, au hakutaka kupoteza muda. Akawasha injini. Na wewe ukaacha simu ikining'inia ukaruka majini kumfuata, ukalowa mpaka kifuani, ukajivuta ndani. Nimekosea wapi?

Mwaka mzima mji mzima unakuita muuaji, mimi wa kwanza, mama yako anakataa jina lako, na wewe umekaa huko unakula maharage ili nisijue kwamba mume wangu alichagua samaki watano.

Nimeumia. Sitakudanganya, nimeumia kuliko siku ya mazishi. Nilikaa kwenye ile boti nikamtukana. Nikamwambia, "Hoyt, nilikuwa nakungoja pale ng'ambo, nimekuletea kuku na mkate wa mahindi, na wewe unakata kamba?" Nyuma kiti kikalia.

Halafu sikia kilichonitisha kuliko yote. Nilikuwa nimeshika kamba yangu mpya, nataka kufunga, na samaki wakapiga mkia ndani ya tangi. Na mimi nikawaza: nikishuka hapa hawahesabiwi. Ngoja nikapime kwanza, halafu nitarudi. Hoyt hana pa kwenda. Nilikuwa nimeshaanza kukunja kamba. Mkono wangu huu huu, Verlon. Hakuna mtu aliyekuwa anakufa mbele yangu, lakini wazo lilikuja laini namna hiyo, nikajua lilimjia hivyo hivyo.

Nikafunga boti, nguzo ya kulia. Nikakanyaga gati. Nikafungua tangi nikawatoa watano mmoja mmoja nikawaachia majini, yule mkubwa alikaa mkononi mwangu kidogo kabla ya kuondoka. Nikageuka nikamwambia Hoyt, "Haya. Hakuna samaki tena. Shuka."

Mwanzo hakukuwa na kitu. Mierebi, maji. Kisha upande wa nyuma wa boti ukainuka. Polepole, na ukayumba mara moja, vile boti inavyofanya mtu mzito akishuka. Mbao za gati zililia, moja, na ya pili yake, zikinipita. Sikugeuka kuangalia. Niliogopa, na pia niliona si adabu, alikuwa anakwenda kwenye simu aliyoikataa.

Nilirudi injini haijasita. Boti imekaa sawa, inapaa juu ya maji kama mpya. Nikamwambia Teague sina samaki, nimekanyaga Hulsey, na wewe ulikanyaga pale mwaka jana, kwa hiyo ateremshe jina la Stroud ukutani kwa klabu. Kile kipande cha kamba cha kwenye pete ya boti nilikiweka mezani kwake. Alikishika, akakaa chini. Akasema, "Nilipima samaki wa mtu aliyekwisha kufa, Nelda, nikamwambia asimame. Sijalala vizuri tangu siku ile." Dub alikuwa nyuma yake, akisikia yote. Kesho mji wote utajua.

Mama yako nimemwambia jana hiyo hiyo. Aliuliza kama kitanda cha chumba cha nyuma kina shuka safi.

Lile neno la makaburini nalirudisha. Nisamehe. Wote wazima. Njoo nyumbani.

Nelda


Morgan City
1 Novemba 1987

Nelda,

Sikukosoi popote ila mahali pamoja. Simu sikuiacha ikining'inia. Nilikuwa sijaigusa. Nilikuwa bado natafuta sarafu mfukoni niliposikia injini.

Nilitaka kukuambia mara nyingi, nikashindwa, kwa sababu ukishajua alikata kamba utataka kujua alisema nini, na hilo nilikuwa nalitunza. Sasa kwa kuwa umelifikia, chukua, ni lako.

Nilipojivuta ndani nilimkuta kwenye usukani, amekuwa mweupe, anatoka jasho, anacheka. Nilimvuta nikampeleka kiti cha nyuma. Nilitaka kugeuza boti, akanishika ukosi, bado ana nguvu. Akasema, "Wewe, usigeuze. Nelda yuko gatini. Kila mwaka anakuja na kuku wake na sijawahi kumletea kitu. Leo ataona." Nikamwambia ataona kesho. Akasema, "Leo." Kisha akaniomba nimsimamishie kofia vizuri. Nilipomaliza kuisimamisha alikuwa ameshaondoka, na nyuma palikuwa mbali kuliko mbele, nikaendelea.

Nimekudanganya mara moja, unajua, kwa hiyo ukitaka kufikiri hili nalo nimelitunga nikufariji, sitakulaumu. Lakini sina kipaji hicho. Ningekuwa nacho nisingesema wimbi.

Nimeomba ruhusa, nafika Alhamisi. Mwambie Mama shuka zozote zinatosha. Kile kipande kwenye nguzo ya kushoto usikiondoe, nataka kukifungua kwa mkono wangu. Na tafadhali, ukipika kuku siku hiyo, tusimle nyumbani. Tumpeleke Hulsey.

Verlon